Mfuko wa Ndani wa Koti

Duka la Dobi lilikuwa na nafasi ya meza moja ya kupigia pasi na mtu mmoja mwembamba, na kwa bahati Dobi mwenyewe alikuwa mwembamba. Asubuhi aliingia, akaivuta meza mpaka ikagusa ukuta, basi, kashajifungia. Nyuma yake rafu za nguo zilizokunjwa, juu ya kichwa chake waya wa mashati, mbele yake pasi. Mlangoni, kuanzia saa nne, walikaa wanasiasa wawili wasio na cheo: Fundi Baiskeli wa banda la jirani, na Karani, mstaafu wa mahakama. Ili Dobi atoke ilibidi hao wawili wasogee, na hakuna siku waliyowahi kusogea wakiwa katikati ya hoja.

Nguo hawakuleta. Fundi Baiskeli alikuwa na suruali moja ya heshima, ambayo akiileta huifuata baada ya miezi mitatu. Karani alifua mwenyewe kwa sababu hakumwamini binadamu yeyote na kola zake. Walicholeta ni midomo, na msimu ule wa uchaguzi midomo haikuwa na likizo.

Kiti cha jimbo kiligombewa na watu wawili. Mwenyekiti alikuwa tajiri mwenye zahanati, mashine ya kusaga na maghala, na aliitwa hivyo kwa kuwa hapakuwa na kamati mjini ambayo hakuikalia mbele. Mhandisi alikuwa mtu wa makamo aliyesimamia ujenzi wa daraja, akaacha kazi, akaja kuomba kura kwa sauti tamu ambayo hata akitaja bei ya saruji watu wanapiga makofi.

"Mhandisi anapita mchana kweupe," alisema Fundi Baiskeli Alhamisi ile, mikono imejaa grisi. "Zikija kwangu baiskeli kumi, saba zina picha yake. Mimi sibahatishi, nahesabu."

"Baiskeli hazipigi kura," alijibu Karani. "Nimekaa mahakamani miaka thelathini. Anayepiga kelele sana kizimbani ndiye anayekwenda na maji. Mwenyekiti ana watu wanaokula kwake, bwana, na mtu hamtukani anayemlisha."

"Atawalisha wangapi? Akina mama wote wa huku juu wako na Mhandisi. Muulize Dobi hapa, binti yake ndiye anayewazalisha."

Wote wawili wakamgeukia. Dobi hakuinua macho kutoka kwenye shati. "Pasi haina chama," akasema, kama alivyosema kila siku.

"Haina chama lakini ina upande wa moto," Karani akasema, wakacheka mpaka Fundi Baiskeli akapaliwa.

Dobi naye alicheka, kicheko cha kulipia amani. Ukweli ni kwamba alikuwa na upande, na upande wenyewe ulikuwa binti yake. Alikuwa mwanawe wa pekee. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na Dobi akamlea humohumo dukani, akimkalisha juu ya mafurushi. Sasa alikuwa mkunga katika zahanati ya Mwenyekiti. Na Jumamosi, kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni, angepanda jukwaani kumkaribisha Mhandisi, kwa kuwa Mhandisi aliahidi wodi ya wazazi ya umma, na binti alikuwa amechoka kuona wanawake wakirudishwa mlangoni kwa kukosa malipo ya mbele. Zahanati ilikwishatangaza: mfanyakazi atakayeonekana jukwaa la upande wa pili ajihesabu hana kazi. Alijua hilo. Alisema Mhandisi akishinda, wodi itahitaji wakunga. Akishindwa, angalau watu watakuwa wamesikia.

Alhamisi hiyohiyo alasiri, dereva wa Mhandisi alileta koti. Koti la suti, la rangi ya majivu, livaliwe Jumamosi.

Dobi alikuwa na desturi yake, na mji mzima uliijua. Kabla nguo haijaguswa na maji wala moto, mifuko yote inapekuliwa. Kinachopatikana, kiwe kitambaa, funguo au barua ya mapenzi, kinaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha inabanwa kwa pini kwenye kola, nguo inaondoka nayo. Hakisomwi, hakisemwi. Desturi hii haikuzaliwa na wema. Ujanani, katika mji mwingine, aliwahi kukuta barua kwenye koti la mteja, akamnong'oneza mke wa mteja. Yule mama akafungasha na watoto. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba koti lilikuwa limeazimwa na shemeji, na barua ni ya shemeji. Nyumba ilikwishavunjika. Dobi alihama mji ule akiwa na pasi yake kwapani, na tangu hapo mdomo wake aliufunga. Naye akamfundisha binti yake hivyohivyo tangu hajajua kusoma: mfuko wa mtu ni chumba cha mtu.

Ila macho hayana pazia. Katika mfuko wa ndani wa koti lile mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara moja tu, na alipoitoa ilifunguka yenyewe. Ilikuwa imepigwa chapa na kutiwa sahihi. Mhandisi alikuwa akiiarifu tume ya uchaguzi kwamba anajitoa, na kwamba anawaomba wafuasi wake wote wampe kura Mwenyekiti. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya Jumatatu. Jumatatu ijayo.

Dobi alisimama na ile karatasi mpaka akasikia harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la watu, na shati limeungua pale penye mfuko wa kifuani. Katika miaka ishirini na nane hakuwahi kuunguza nguo.

"Vipi huko, unatuchoma?" Fundi Baiskeli aliuliza.

"Kidogo tu," akasema.

Ikamwingia taratibu. Jumamosi watu wangejaa uwanjani. Kadiri watakavyojaa ndivyo Mhandisi atakavyokuwa na cha kumwonyesha Mwenyekiti: tazama, hawa wote nakuletea. Ng'ombe hunenepeshwa kabla ya mnada. Na atakayemwita jukwaani, mbele ya ng'ombe wote, ni binti yake.

Mlangoni Karani alikuwa bado anamwaga hekima. "Nyinyi mnamwogopa Mwenyekiti bure," alikuwa akisema. "Adui wa mbali hawezi kukudhuru. Kikulacho ki nguoni mwako." Dobi aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta pini.

Aseme? Vipi kama barua iliandikwa, na mwenyewe akabadili nia, akaisahau humo? Vipi kama ni ya kubambikiwa? Alikwishavunja nyumba moja kwa barua ambayo aliisoma sawasawa na kuielewa vibaya. Na akimwambia binti, binti hatakaa kimya, si mtu wa kukaa kimya. Atauliza hadharani, na mji utajua kwamba Dobi anasoma mifuko. Asiposema, binti atapoteza kazi kwa kumnadi mtu aliyekwishajitoa. Huku moto, huku maji, na yeye katikati akiwa amelishika koti.

Ijumaa jioni binti alipita dukani akitoka kazini, gauni jeupe la zahanati likiwa bado mwilini. Wazee walikuwa wamekwenda kunywa chai. Dobi alijaribu kwa mlango wa mbele.

"Mwanangu, kesho usipande."

"Kwa nini, baba?"

"Basi tu. Moyo wangu umekataa."

"Moyo umekataa au umeambiwa na watu wa Mwenyekiti?"

"Sijaambiwa na mtu. Nakuomba tu."

Mkunga alimtazama baba yake kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko matusi. "Baba, wewe maisha yako yote umeogopa. Pasi haina chama, pasi haina chama. Sikulaumu, ulikuwa unanilea. Lakini sasa nimekua, niache na mimi niseme neno moja kwa sauti."

Ndipo akajaribu mlango wa nyuma. Alikwishaiweka barua kwenye bahasha, ila hakuifunga. Aliiacha karatasi ichomoze, na kilichochomoza ni kile kichwa cha barua, maneno makubwa meusi: Kujitoa Katika Uchaguzi. Pini aliibana nusu. Akampa koti. "Basi nipelekee hili kwa Mhandisi, ni njia yako. Uliangalie vizuri kisije kikaanguka kitu."

Alijiona mjanja. Kama atasoma, atakuwa amesoma yeye. Dobi hakusema, desturi imebaki nzima na mtoto amebaki mzima. Alimtazama binti akilipokea koti, akilinyanyua kwenye mwanga, akiiona bahasha. Dobi alishika ukingo wa meza.

Binti aligeuza uso upande. Bila kutazama, kwa kidole kimoja, aliisukuma karatasi ndani, akalamba gundi, akaifunga bahasha na kuibana kwa pini sawasawa kwenye kola.

"Umeanza kuzeeka, baba," alisema akicheka. "Bahasha umeiacha wazi. Shukuru nimeiona mimi, angeiona mwingine ungekosa mteja."

Akaondoka nalo, amelitundika begani kwa uangalifu lisikunjike. Dobi alifungua mdomo amwite. Jina lilifika kwenye ulimi, na Fundi Baiskeli na Karani nao wakafika mlangoni, wakibishana kuhusu kata za mtoni, na Dobi akaufunga mdomo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dobi hakwenda, lakini vipaza sauti vilimfuata dukani. Alimsikia binti yake akisema kwa sauti ambayo hakuijua kwamba alikuwa nayo: "Mimi nimepokea watoto wenu kwa mikono hii. Leo nawaomba nyinyi mumpokee mtu wangu." Umati ukaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Fundi Baiskeli alirudi amepoteza kiatu kimoja na hakujali.

Jumatatu saa tano redio ya bandani ikasema. Barua ilisomwa neno kwa neno, na Dobi alilijua kila neno kabla halijatoka.

Kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, mlangoni palikuwa kimya. Karani, ambaye mtu wake alikuwa ameshinda kabla ya kura, hakuonekana kufurahi. Alivua miwani akaifuta. "Hii si kesi," alisema. "Hii kesi imefutwa."

"Mimi nilijua," Fundi Baiskeli akasema. "Tangu mwanzo yule mtu sikumpenda macho."

"Wewe?"

"Nilikuwa nanyamaza tu."

Kabla Karani hajamrarua, walimwona Mkunga akija. Alikuwa amevaa nguo za kawaida, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki. Wazee wale wawili waliinuka, wakampisha, wakaenda kusimama mbali karibu na baiskeli. Alifika mezani, akatoa gauni jeupe la zahanati.

"Wamenipa barua yangu asubuhi," akasema. "Gauni wanalitaka lirudi limefuliwa na kupigwa pasi. Wale akina mama waliokuwa foleni wameniangalia, baba. Mmoja ameniuliza nimelipwa kiasi gani."

Dobi alilisikia joto la pasi likipanda usoni kwake na hakuisogeza.

"Nimefikiria njia nzima," binti aliendelea, polepole. "Ile barua imetiwa sahihi wiki iliyopita. Tarehe ni ya leo, ila mwenyewe amekiri redioni. Wiki iliyopita koti lilikuwa hapa." Akaigusa kola ya gauni. "Ile bahasha."

"Ndiyo."

"Hukusahau kuifunga."

"Sikusahau."

"Ulitaka niisome."

"Nilitaka uisome, mwanangu. Niliiacha wazi kwa ajili yako. Sikuweza kusema, unajua mwenyewe desturi..."

"Najua desturi. Nani anaijua kama mimi?" Sauti yake haikupanda. "Mifuko ya watu nimeiheshimu tangu nina miaka sita kwa sababu wewe ulisema. Ningekufa kabla ya kuisoma ile karatasi, na wewe ulilijua hilo. Neno moja, baba. Ungesema neno moja, hata kwa kuninong'oneza, ningebaki nyumbani Jumamosi. Mhandisi hakuwa na deni na mimi, ni mwanasiasa. Yeye alikuwa mteja wako. Mimi nilikuwa nani?"

"Wewe ni mwanangu."

"Mwanao hapewi bahasha."

Alilikunjua gauni juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja kama alivyofundishwa, kola juu, mikono pembeni. Kisha akakisukuma mbele ya baba yake kile kitabu cha stakabadhi ambamo Dobi huwaandikia watu wa nje.

"Niandikie," akasema. "Nitalifuata Jumatano."

Na Dobi, asijue lingine la kufanya, akachukua kalamu, akamwandikia.