Fundi Asiye na Kufuli

"Nyumbani kwangu hakuna kufuli, na halitakuja kuwepo! Mlinzi wangu halali wala hasinzii!"

Baba yangu mdogo aliyasema hayo mbele ya kanisa zima, mkono juu kama mtu anayesimamisha basi. Watu wakampigia makofi. Ni fundi wa milango ya chuma, mtaani tunamwita Fundi Geti; yaani wiki nzima anakula kwa hofu za wenzake, halafu Jumapili anawasimanga kwa kuogopa.

Wala hakuwa anaongopa. Mlango wake, wenye maua ya nondo aliyoyapinda mwenyewe, ulikuwa na matundu ya kupitishia kufuli, na matundu yalikuwa matupu. Ukirudishiwa, umefungwa. Hakuwahi kuibiwa hata ndoo, na kila mwaka usio na mwizi aliuongeza kwenye ushuhuda wake.

Jirani yake, mjane mmoja msusi, ndiye aliyempa kazi ya geti la mwisho wa kichochoro, pale kinapotokea kwenye barabara ya malori. Likizo za shule mama huyo alilifunga hata mchana, watoto wasije wakakimbiza mpira hadi chini ya tairi. Siku geti linasimamishwa, Fundi alipoona kufuli mkononi mwa jirani, akacheka.

"Mama, Mungu wako naye amekwenda likizo?"

"Wangu yupo. Ila amenipa na akili, sijui wako."

"Haya, lala na funguo zako chini ya mto."

"Nitalala. Na wewe lala na mdomo wako."

Kisha bibi, mama yake Fundi, akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa chumvi kwenye chai, na kumwita mwanawe kwa jina la marehemu babu. Baadaye akaanza kutoka. Alikutwa kwa majirani, kandambili mguu mmoja, anaulizia nyumba tuliyohama zamani. Mke wa Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda naye, hakuzungusha maneno.

"Mume wangu, weka kufuli. Siku hizi hata kuoga naoga nusu."

"Kanisani nitasema nini?"

"Sema una mama."

Hakuweka. Alisali, na alisali kweli, nisimsingizie. Kila asubuhi aliweka mkono kichwani mwa mama yake, akamkumbusha Mungu kwamba aliahidi kuwabeba watu wake hata wakiota mvi. Kisha akaurudishia mlango, akaenda karakana.

Adhuhuri moja ya likizo, mkewe alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba. Aliporudi ndani, kitanda kitupu, mlango wazi. Akapiga simu. Fundi akatoka mbio, miwani ya kuchomelea kichwani, glavu mkono mmoja. Mimi, niliyekuwa nikimsaidia karakana likizo ile, nikamfuata hadi kichochoroni. Hakuita jina la mama yake; alikuwa anasema tu, "Bwana, uliahidi. Bwana, uliahidi."

Mbele yetu honi ya lori ikalia, ndefu. Fundi akasimama palepale. Sijawahi kuona mtu mzima anaogopa kukata kona.

Tulipoikata, bibi alikuwa kwenye geti, ameshika nondo kwa mikono miwili, anatikisa. Geti limefungwa. Upande wa pili malori yanapita, vumbi linamwingia machoni. Mama msusi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake, amemshika kiuno.

"Mwambie huyu afungue," bibi akamwambia mwanawe. "Baba yako anangoja chakula."

Fundi akaligusa lile kufuli. Halafu akakaa chini vumbini, akalia. Mama msusi alikuwa na haki ya kusema lolote. Mimi nilishamwandalia maneno kadhaa kichwani, makali. Yeye akasema tu, "Inuka, Fundi. Mama yuko juani."

Jumapili akasimama tena kanisani. Safari hii mkono haukwenda juu.

"Nilisema mlinzi wangu halali. Ni kweli, halali. Nilimwomba amlinde mama yangu, akamlinda kwa kufuli nililolicheka. Ahadi yake mimi niliifanya sifa yangu. Mama msusi, nisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama msusi aliitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Jioni ile Fundi alipitisha kufuli kwenye yale matundu kwa mara ya kwanza. Bibi alikuwa kwenye kiti, anamtazama.

"Unanifungia?"

"Natufungia sote, mama. Na mimi nimo humu humu na wewe."

Bibi akafikiri. "Basi tusali kwanza."

Akaomba yeye mwenyewe, polepole. "Mungu, huyu anayefunga mlango, sijui ni mtoto wa nani. Usimwache aogope."

Fundi akaitikia amina, akageuza ufunguo, akautia uzi, akamvika mkewe shingoni.

Kufuli lenyewe lilikuwa la shilingi elfu kumi na mbili tu.