Kisanduku cha AI kiliona mikono yetu yote, isipokuwa wa tonton

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na asiyeamini aje huku mtaani Kasha nimwonyeshe msumeno wenyewe.

Mimi ni fundi umeme. Tonton wangu, yaani mjomba, ni seremala, ndiye aliyenilea baba alipofariki. Mkono wake wa kushoto una vidole viwili tu. Vingine vilibaki kwenye msumeno wa mezani miaka ile alipokuwa ananisomesha. Tangu hapo mkono huo unaishi mfukoni: kanisani, arusini, hata kwenye picha. Unatoka humo akiwa kazini tu, tena kwenye msumeno uleule.

Kila nikisikia msumeno huo, roho yangu haitulii.

Basi nikaleta kamera ya AI. Inakaa juu ya msumeno, ikiona mkono unasogelea diski, lile duara lenye meno, inakata umeme na kubana breki.

Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa inatuma picha kwa intaneti hadi seva ya ng'ambo, halafu unasubiri jibu. Intaneti yetu mnaijua. Jibu likifika, kidole kimeshalala kwenye vumbi la mbao.

Ndiyo maana nikahamia edge computing. Kompyuta ndogo, kisanduku tu, imefungwa palepale kwenye mashine. Inaona na kuamua yenyewe bila kuuliza mbali. Nilijiona bingwa, sifichi.

Siku ya majaribio tulitoa diski, motor ikawa inazunguka bure. Maman Nabintu, mwenye karakana anamofanya kazi tonton, akapitisha mkono. Motor ikazima, zii. Maseremala wakapitisha mmoja mmoja. Zii. Watu wakapiga makofi.

Tonton akapitisha wa kulia. Zii. Akapitisha wa kushoto.

Motor ikaendelea kunguruma.

Nikamwomba arudie. Ikanguruma. Tena. Ikanguruma tu.

"Kwani ya kwangu haiko mukono?" akauliza huku akicheka, na wenzake wakacheka naye.

Mimi nikaelewa. Kisanduku kilikuwa kimefundishwa kwa picha za mikono mizima, kwa hiyo mkono wa tonton kwake ulikuwa kipande cha ubao. Mtu niliyekileta kwa ajili yake ndiye ambaye kingemwacha akatwe.

Maman Nabintu hakuwa na muda wa huzuni zangu; umeme ulikuwepo, na shule ilikuwa inangoja madawati yake. "Courant iko, na bancs za masomo bako nazingojea. Muzee akate tu, alikataka myaka yote bila ile kamera."

Tonton naye: "Rudisha diski, mutoto wangu. Mimi nilishazoea."

Nilishazoea! Neno hilo lilinikera kuliko motor. Nikaitia diski kwenye begi langu, nikalikalia. Maman akanuna, nami nikanuna.

Dawa ilikuwa moja: kukifundisha kisanduku mkono ule, palepale. Maana yake tonton auweke mbele ya kamera, augeuze, aukunje, aupake vumbi, watu wote wakitazama.

"Batu bako naangalia," akaniambia polepole.

Nikamweleza kwamba picha hazitatoka humo karakanani, zitabaki kwenye kisanduku. Akatazama mlango. Halafu akautoa mfukoni.

Wakuu, nimekula naye sahani moja tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuangalia vizuri mkono ule. Makovu yake yanang'aa. Nilijifanya nina kazi na waya, kumbe macho yamejaa.

Tulipomaliza nikawasha motor. Akapitisha.

Zii.

Akarudia. Zii. Akapitisha kwa haraka, kwa pembeni, kutoka chini. Zii, zii, zii.

"Njo imekujua, muzee," akasema Maman Nabintu.

"Imenijua," akajibu tonton. "Sasa toka ku ile begi."

Nikarudisha diski, naye akakata mbao hadi jioni. Wakati wa kuagana alisimama mlangoni akimwelekeza Maman pa kupanga mbao za kesho, akinyoosha mkono wa kushoto. Hakukumbuka kuuficha.

Nilichojifunza: kuileta akili karibu na mashine ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuileta karibu na watu wenyewe walioizunguka.

Lakini sijatulia bado. Kisanduku kama hiki nimekifunga pia kwenye karakana nyingine, kule Katana, na huko nilijaribu kwa mikono yangu tu, hii yenye vidole kumi. Kesho asubuhi narudi huko kuuliza nani ana mkono usiofanana na wangu.

Nanyi mnaofunga vitu hivi, mlijaribu kwa mikono ya nani?