Jirani anachimba chini ya mti wetu wa harusi

Jamani, leo nimemfumania mtu bustanini kwangu!

Nimewahi kutoka kazini, nafika nyumbani huku ughaibuni, mtaa wa Spånga, namkuta jirani yetu Gunilla amepiga magoti, anachimba kwa mikono chini ya mti wetu.

Mti wenyewe ni lind, mti wa kivuli, tulioupanda mimi na Baraka wangu wiki ya harusi. Niliurundikia udongo shinani kwa mapenzi yote, kama mama anavyoifanyia migomba kule Bukoba.

Moyo ukanilipuka. Anafukia nini huyu?

"Unatafuta nini hapo?"

"Nauondolea udongo. Shina likifukiwa hivi linaoza. Mumeo aliniomba nije ukiwa kazini."

Ati nikiwa kazini!

Mara Baraka akatokea na kahawa, vikombe viwili. Akaganda mlangoni.

"Mke wangu, siku ile unaurundikia udongo ulikuwa na furaha sana. Ningekwambiaje?"

Nikayeyuka, nikamkumbatia palepale. Nampenda mno huyu mwanaume!

Lakini sasa sina raha. Kila siku ananisifia pilau yangu.

Mlioolewa, niambieni ukweli: kwenye hiyo pilau nimwamini?