Orodha ya Salongo

Walinichagua kwa sababu ya uzee. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Kijana aliyenipendekeza alilisema mwenyewe, amesimama juu ya benchi mbele ya darasa zima: "Tumupatie huyu muzee. Professeur hawezi kumufokea mutu wa umri wa baba yake. Na akikufa mbele ya kumaliza, tutachagua mwingine." Darasa likacheka, mikono ikapanda, nami nikawa CP, yaani mkuu wa darasa la mwaka wa mwisho, nikiwa na miaka arobaini na minane na diploma ya zamani ya miaka mitatu niliyoipata wakati wengi wao hawajazaliwa.

Nilikuwa nimefundisha sekondari miaka ishirini. Nilirudi chuoni kwa sababu mkuu mpya wa shule yetu, mdogo kwangu, alikuja na licence, shahada ya chuo kikuu, na mimi sina. Hiyo ndiyo sababu yote. Nyumbani kwetu Murara nilimwambia mke wangu kwamba elimu haina mwisho. Akanijibu kwamba wivu nao hauna.

Kazi ya CP ni ya kitumwa. Unambebea profesa mashine ya kuonyeshea picha ukutani, unampigia simu kumkumbusha kwamba ana somo, unarudi darasani kuwaambia wenzako kwamba hatakuja, nao wanakuzomea wewe. Mimi niliipenda. Nilipopita uani nikasikia "Papa CP, Papa CP" kutoka pande nne, nilitembea polepole ili isiishe haraka.

Chuo chetu kimejengwa juu ya mawe ya volkano, kama mji wenyewe. Nyuma ya ukumbi wetu palikuwa na uwanja mzima wa mawe meusi, makali, yanayofika magotini. Wakubwa wa chuo walitaka pasafishwe pajengwe vyoo, na kazi hiyo wakalikabidhi darasa la mwisho: salongo kila Jumamosi asubuhi, nyundo na mikono, bila malipo, kwa kuwa msomi lazima ajue kutumikia. Jumamosi ya kwanza, kati ya watu arobaini, walikuja saba. Nilichukia kana kwamba wamekataa kuja harusini kwangu.

Jumatatu nilikwenda kwa katibu wa masomo na wazo. Tufanye orodha, nikamwambia. Salongo ni kumi na mbili. Atakayekosa zaidi ya tatu hatasainiwa fomu ya huduma, na asiye na fomu asipokelewe kitabu chake cha mwisho, yaani tasnifu, asiitetee, asimalize. Katibu alitabasamu, akaandika. Kesho yake sentensi yangu ilikuwa imebandikwa ubaoni na muhuri chini yake. Nimeandika makala nyingi maishani mwangu. Hakuna hata moja iliyowahi kupata muhuri. Niliisoma mara tatu.

Basi nikanunua daftari. Niliita majina saa moja asubuhi, nikaita tena saa nne kuwakamata wanaotoroka katikati. Mawe niliyabeba machache, kwa ajili ya mfano. Mkono mmoja ulikuwa na daftari. Upesi vijana wakajua dawa yangu: sauti moja nyuma ya umati iliitikia majina matatu. Nilijua. Nilikuwa mwalimu miaka ishirini, sauti za uongo ninazijua. Nikaweka alama, kwa sababu jina limeitwa na limeitikiwa, na daftari lilipendeza likijaa.

Aliyeliharibu daftari langu alikuwa msichana mmoja wa Majengo. Mama yake alikuwa mjane aliyekuja zamani kutoka upande wa Butembo, na nyumba yao ilikula kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila alfajiri binti alikuwa Kituku, ufukweni mwa ziwa, akipokea samaki mitumbwini kwa wavuvi waliomzoea, kisha akawauza Majengo hadi mchana. Siku za masomo mama alimpokea beseni njiani, naye akakimbilia darasani na harufu yake. Darasa lilimwita Mama Sambaza na kufungua madirisha kwa makelele. Jumamosi, siku ya wateja wengi, mmoja hakutosha.

Ila sambaza huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa, na wavuvi wanalala. Siku hizo za mwezi mpevu binti alikuwa huru, na Jumamosi zilizoangukia humo, moja au mbili, alikuja kwenye mawe, akafanya kazi ya wanaume wawili bila kuangalia saa. Kwa hiyo alihudhuria salongo kwa kufuata mwezi. Daftari langu lilifuata juma.

Alinijia baada ya salongo ya tano, beseni tupu kiunoni.

"Papa CP, minaomba uniweke tu. Nitakuja Jumapili peke yangu, nibebe mawe ya batu babili."

"Jumapili hakuna salongo, mama."

"Mawe haijue siku, Papa."

Hapo ningeweza kucheka na kuandika. Badala yake nilimpa hotuba. Nilimweleza maana ya utumishi, maana ya mfano, jinsi nchi hii ilivyoharibiwa na watu wanaosema uniweke tu. Nilisema vizuri, wawili watatu walisogea kusikiliza, nami nikaongeza sauti. Wengine walioitikiwa na wenzao hawakuwahi kuniomba chochote, kwa hiyo sikuwahi kuwanyima chochote. Huyu aliomba waziwazi, nikamnyima waziwazi.

"Nimesikia, Papa," akasema nilipopumua. "Aksanti."

Mwezi uliofuata malaria iliniangusha wiki mbili, ikala na salongo mbili zangu. Aliyekuja Murara na nota za masomo yote, amezinakili kwa mkono, alikuwa yeye, na sambaza wa kukaanga waliofunikwa kwa sahani. Alipoondoka mke wangu akaniuliza, "Ni huyu ndiye unasemaka hana roho ya kutumika?" Nikamwambia hayo ni mambo ya chuo. Samaki niliwala.

Salongo ya kumi na mbili ikapita. Binti alikuwa na alama nne. Siku mbili kabla ya kupokelewa vitabu, katibu wa masomo aliniita ofisini. Daftari langu lilikuwa mbele yake, limefunguliwa.

"Kazi nzuri, Papa," akasema. "Batu babili tu njo hawafikishe hesabu. Mumoja ni huyu binti wa Majengo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wa pili ni wewe."

Akaligeuza daftari upande wangu. Majina yalikuwa thelathini na tisa. Niliyapitia kwa kidole, juu hadi chini, kama mtoto anayejifunza kusoma. Anayeita majina hajiiti. Jumamosi kumi nilisimama pale na kalamu yangu, na kwa ushahidi wa mkono wangu mwenyewe sikuwahi kufika hata siku moja.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Lakini wote waliniona," nikasema.

"Mimi sikukuwa kwa mawe. Niko nasoma karatasi. Kanuni ni yako, Papa. Mimi niligonga muhuri tu." Akalifunga daftari, kisha akasema: "Leta barua ya darasa kesho mbele ya saa sita. Waandike ni nani walisahaulika kwa orodha, basaini bote. Jina lenye litakuwa ndani, nitalipokea. Sitauliza."

Alisema hivyo hasa: jina lenye litakuwa ndani. Nilimwelewa vizuri. Mlango alioufungua ulikuwa wa watu wawili.

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya darasa nikaeleza. Sijawahi kusikia ukumbi ule ukicheka vile. Kijana wa benchi alikuwa anajifuta machozi.

"Muzee amejifukuza mwenyewe."

"Akuje Jumapili, abebe mawe ya batu babili," akasema mwingine, akiiga sauti ya binti.

"Mumuulize kwanza utumishi ni nini."

Waliniacha pale mbele kama robo saa. Niliwahi kuwasimamisha wao muda mrefu zaidi, kwa hiyo nilisimama. Mwishowe wakachoka, kijana wa benchi akachukua karatasi akaandika: wafuatao walihudhuria salongo ila walisahaulika kwa kosa la mwandishi wa orodha. Akaweka nukta mbili. Akaandika jina langu. Kalamu ikabaki hewani.

"Na Mama Sambaza? Tumuweke?"

Madirisha yalikuwa wazi, na hakuna aliyepiga kelele. Binti alikuwa benchi la tatu kutoka mlangoni, kitabu chake cha mwisho mapajani, kimeshafungwa na jalada la bluu. Hakuinua kichwa. Wote walinitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wanichague kwamba kweli walikuwa wanangoja niwaongoze.

Naweza kudai kwamba nilifikiria ukweli: jina langu lilikuwa kweli, lake lingekuwa uongo. Lakini karibu nusu ya majina ya daftari langu yalikuwa uongo, na nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko mzuri. Nilichofikiria ni hiki: katibu akiyaona majina mawili atanusa kitu, ataitupa barua yote, na mkuu wangu wa shule ataendelea kunipita koridoni bila kunisalimu hadi nistaafu.

"Tusichanganye mambo," nikasema.

Kijana akachora mstari chini ya jina langu. Karatasi ikaanza kupita. Walisaini hata wale ambao hawajawahi kugusa jiwe. Ikafika benchi la tatu.

"Mimi sikukuwako, Papa," binti akasema. "Sijue kama ulikuwako."

"Basi pitisha," akasema jirani yake.

"Ngoja. Mara ine nilimuona."

Akaandika jina lake, saini yake, na pembeni, kwa herufi ndogo safi: nilimwona mara nne. Akapitisha.

Saa tano na nusu nilikuwa ofisini. Katibu aliipitia barua kwa kidole, akafika pale, akasimama.

"Huyu njo mutu mumoja tu wa kuaminika kwa hii karatasi," akasema. Akaliangalia jina tena. "Si njo yule binti? Kwa nini hamukumuweka?"

"Hakuomba," nikajibu.

Jibu lilitoka upesi kuliko hotuba zangu zote. Katibu akagonga muhuri.

Nilitetea wiki tatu baadaye. Nilipotoka, darasa lilinimwagia poda kichwani kama desturi inavyotaka, ingawa kwenye nywele zangu haikuonekana vizuri, na kijana wa benchi hakukosa kulisema. Mkuu wangu wa shule alinitumia pongezi kwa simu, mstari mmoja. Binti anarudia mwaka.

Sasa tunangoja siku ya kuvaa toga, joho la wahitimu. Wamenipa kazi ya kusema kwa niaba ya wanaomaliza, na kichwa cha hotuba wamenichagulia: uongozi na utumishi. Nimeshaandika kurasa mbili. Mke wangu alizisoma akiwa amesimama, akazirudisha mezani, akaenda kuchambua maharage.

Jumamosi iliyopita nilikwenda chuoni kujaribu toga. Nilipita nyuma ya ukumbi. Darasa jipya la mwisho lilikuwa kwenye mawe, na CP wao, msichana wa miaka ishirini na moja hivi, alikuwa anaita majina. Kanuni imebaki. Binti wa Majengo alikuwa amechuchumaa na nyundo, mbali kidogo na wengine, anavunja. Mwezi ulikuwa mdogo kabisa juma hilo. Kituku samaki walikuwa wengi.

"Leo nani yuko Kituku?" nikamuuliza.

"Hakuna mutu. Jumamosi tatu sikutokea, wavuvi bakapatia mama mwingine nafasi yetu. Mama yangu iko nauzisha makala sasa, kidogo-kidogo, mbele ya nyumba."

Neno makala kwetu ni makaa. Nikasema pole. Nikasema mwaka mmoja si mrefu, utapita tu. Nilikuwa nimekunja toga mkononi, na sikujua niiweke wapi.

"Utapita, Papa," akasema. Alinyanyua nyundo, akaishika juu, akangoja. "Sogea kidogo. Jiwe yenye minavunja, uko umeikanyaga."

Nilisogea. Akapiga.