Jina la Col Ukurasa wa Tatu

Jumamosi hiyo Glenys Trewin aliamka akiwa amechoka, uchovu ule ambao hata chai haiusogezi. Hata hivyo alikwenda kusimama nje ya duka la vifaa akigeuza soseji na vitunguu vya kuuza, ili gazeti la mji mdogo wa Wirrabilla lipate pesa ya kuchapishwa. Kampuni ya jijini iliyolimiliki ilipolifunga, wakazi walichanga wakalifufua. Glenys, karani wa matangazo, aliombwa ashike uhariri kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa saba.

Mumewe, Col, ndiye aliyelisambaza mashambani kwa pikapu yao. Alifika mchana, kofia mkononi.

"Polisi walinisimamisha jana nikitoka baa," alisema. "Nilipuliza kipimo cha pombe. Nimezidi."

Glenys aliendelea kugeuza soseji. Wachangaji walishapiga kura zamani: kila anayehukumiwa kwa kuendesha gari amelewa, jina lake linachapishwa. Yeye mwenyewe alishamwandika mwalimu mkuu, na binti wa mwenye bucha, aliyekuja ofisini akalia.

"Utaniandika?"

"Mahakama ikikuhukumu, nitafanyaje?"

"Glen, mimi mumeo!"

"Najua. Ungekuwa mume wa mwingine ningelala usingizi."

Mahakamani Col alinyang'anywa leseni kwa miezi sita. Glenys aliandika mistari miwili tu, lakini ilimchukua alasiri nzima. Alifuta umri wa Col, akaurudisha. Nyumbani Col alikula chakula chake, akaenda kulala chumba cha wageni.

Gazeti lilipotoka, Hoskin, mnunuzi wa ngano, alipiga simu. Alikuwa ameondoa tangazo lake kubwa mwaka uliopita, mwanawe alipoandikwa.

"Nilikuwa nasubiri nione kama utamficha huyu wako," alisema.

"Sasa umeona."

"Nimeona. Haya, nirudishie ukurasa wangu wa nyuma."

Glenys alimshukuru, akaweka simu chini. Tangazo hilo lingelipia uchapishaji hadi mavuno, naye alijua angepaswa kufurahi. Alijihisi kama mtu aliyefika mlangoni na gunia lake, akaambiwa bado kuna jingine.

Kwenye mkutano wa wachangaji walimpigia makofi. Alipouliza nani atasambaza gazeti badala ya Col, kila mtu alitazama kikombe chake. Basi wiki iliyofuata alishika usukani mwenyewe. Col alikaa kando yake, akirusha magazeti getini.

Kwa bibi Beryl, mzee mwenyewe alikuwa akiwasubiri kwenye uzio.

"Col! Naona siku hizi una dereva!"

"Dereva safi, bibi. Shida yake kalamu."

Glenys alicheka, kicheko kikaisha mapema. Baada ya maghala ya ngano macho yalianza kujifumba, akaegesha pembeni.

"Lala kidogo," Col alisema.

"Na magazeti?"

"Habari zenyewe wanazijua. Za kwangu walimaliza kuzisema Jumapili."

Glenys aliegemeza kichwa kwenye kioo. Col alishuka, akachukua furushi la magazeti, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea geti linalofuata, mbali kule kwenye vumbi.