Miiba Iliyokosa Moto

Kijiji kizima cha Kiuyu kilimjua Bi Rahila kwa samaki ambaye wengine humrejesha baharini: yule wa miambani, mwenye kichwa kipana, ngozi kama jiwe lililoota mwani, na mgongoni miiba ya sumu. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia kwamba kwao, pwani ya Mediterania, jamaa ya samaki huyo ndiye hasa anayeupa ladha mchuzi wa wavuvi. Bi Rahila akacheka: “Kumbe nao wana akili!”

Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa kumpikia mchuzi wa samaki huyo. Kwa mama yake alirithi kanuni moja: miiba ikishakatwa hutiwa motoni papo hapo, isije ikamchoma mtu. Kwa miaka yote miiba iliteketea kwenye mafiga. Kisha mwanawe akamletea jiko la gesi. Siku hiyo miiba akaitia katika kifuu, akakiweka juu ya ukuta wa uani hadi atakapowasha kuni, akasahau. Kuku wakakipindua upande wa jirani.

Alasiri Bi Mize, jirani huyo, akapiga ukelele: amekanyaga mwiba uani kwake. Bi Rahila alikimbia na maji ya moto ya kupoza sumu, akautia mguu wa mwenziwe ndani, akauchomoa mwiba kwa mkono wake. Aliujua mara moja. Akaufumbata.

“Weye ndiye uliyefagia!” Bi Mize alimgeukia mkwewe, Nusaiba. “Macho yako kwenye simu tu! Kesho nenda kwenu Mtambile, mamako akakufunze ufagio!”

“Wallahi, mama, nimefagia kote.”

“Umefagia na usingizi!”

Bi Rahila aliendelea kumimina maji. “Vumilia, shoga,” alisema.

Asubuhi Bi Rahila alikwenda kwa jirani, akamkuta Nusaiba mlangoni na mkoba. Bi Mize, mguu umevimba, akamshika Bi Rahila mkono. “Jirani kama weye, Rahila, sijapata.”

Sifa hiyo hakuweza kuimeza. “Mwiba ulikuwa wangu, Mize. Nilijua tangu jana.”

Bi Mize akauachia mkono. “Ukanishika mguu, huku ukinisikiliza nikimtukana mtoto wa watu?”

“Nilikusikiliza.”

“Nusaiba, mwanangu, rejesha mkoba ndani.”

“Nakwenda, mama,” Nusaiba alijibu taratibu. “Jana mlionidhulumu mlikuwa wawili. Mmoja tu hakujua.”

Bi Rahila alinyoosha mkono amchukulie mkoba. Nusaiba akauhamishia mkono wa pili, akashika njia.