Moto wa Bibi Kwenye Kinamasi

Nilipokuwa mtoto kule Susuni, kidole changu cha shahada kilikuwa na upande mmoja wa dunia ambao hakikuruhusiwa kuuelekea. Upande huo ulikuwa chini ya boma letu, penye kinamasi. Ukitaka kumwonyesha mwenzako ng'ombe aliyekwama matopeni, au ndege aliyetua juu ya mafunjo, ulikunja ngumi ukaielekeza huko. Bibi yangu, Bhoke, alisema kinamasi kina wenyewe, na wenyewe hawapendi kunyooshewa kidole, kama wewe usivyopenda. Nikamwuliza watanifanya nini. Akasema kidole kitapinda. Leo nikivitazama vidole vyangu naona vimepinda vyote, ila hiyo ni kazi ya usukani wa lori.

Mwisho wa kinamasi, upande wa mteremko, kulikuwa na chemchemi. Kijiji kizima kilichota hapo, na maji yake yalikuwa baridi kiasi cha kukuuma meno hata jua likiwa kali. Hilo nalo Bibi aliliweka kwa wenyewe. Alisema wao wanalala juu, sisi tunakunywa chini, na kila mtu akikaa kwake hakuna ugomvi.

Halafu baba mdogo Mwita akarudi kutoka Kenya. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai, akarudi na mabati, redio, na mawazo. Ilikuwa miaka ya ukame. Kinamasi kilikuwa kimenywea hadi ukingoni ardhi ikapasuka kama kisigino cha mtu asiye na mafuta. Baba mdogo alipaangalia pale pakavu, penye udongo mweusi, akasema anajenga hapo hapo. Wazee walinung'unika. Kila mtu alitegemea Bibi amkataze, maana Bibi alikuwa na mdomo ambao hata mbwa wa jirani waliuheshimu.

Hakumkataza. Alimwambia tu, "Maji yametoka kutembea. Yakirudi yatataka kitanda chao."

Baba mdogo alicheka, akasema yakirudi atayapangisha chumba cha nyuma.

Sasa, kwetu nyumba mpya haihamiwi hivi hivi. Moto wa kwanza hutoka jikoni kwa mama. Mama huleta makaa kwenye kigae cha chungu, mwenye nyumba hupanga mafiga yake matatu, hupiga magoti, hupuliza mwenyewe. Hakuna wa kumpulizia. Moto ukilala na kuamka, mahali pamekubali. Ukizimika, unafungasha vitu vyako na hakuna anayekulaumu, kwa sababu umejibiwa.

Siku ya kuhamia, Bibi alishuka mteremko na kigae chake, mimi nyuma yake na mzigo wa kuni. Njia nzima nilitazama mgongo wake nikitegemea ageuke arudi. Hakugeuka. Alifika, akampa mwanawe moto kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni chakula. Baba mdogo akapiga magoti, akapuliza, moto ukashika vizuri kabisa. Tukala ugali wa mtama na kuku, tukalala humo humo, na mimi nikasinzia nikifikiri Bibi safari hii amekosea.

Asubuhi nilishusha mguu kutoka kitandani nikakanyaga maji.

Hayakuwa mengi. Yalifika kwenye kifundo. Juu ya bati letu halikuwa limeanguka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na sisi hatukuisikia. Maji yalikuwa yanapanda katikati ya mafiga, meupe, bila sauti, na majivu yanazunguka juu yake polepole. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti ndani ya maji hayo akipuliza kuni zilizolowa. Anapuliza, anavuta pumzi, anapuliza. Mtu mzima, baba yangu mdogo mwenye redio. Nilitaka kulia na sikujua ninamlilia nani.

Bibi alikuwa amesimama nje ya mlango. Hakusema, "Niliwaambia." Alisubiri mpaka mwanawe alipoinuka, akamwambia, "Moto upo nyumbani. Tafuta mahali pengine."

Mabati yalihamia juu mteremkoni. Kuta zilibaki, zikayeyuka msimu baada ya msimu, mafunjo yakarudi. Mimi nikakua, nikapanda lori, na safari zangu zikaanza.

Sitaki kuwachosha na malori. Nimelala Lubumbashi, nimekwama Juba, nimefukuzwa na mbuni karibu na mahali ambapo mpaka leo sijui ni nchi gani. Kila nilipofika niliwachekesha watu, hata pale ambapo hatukuelewana lugha. Mwisho mgongo ukanijulisha kwamba umechoka na mizaha yangu, nikaamua kurudi Mara nitafute pa kuzeekea.

Nikiwa Bomani, pale mjini, nikaona bango. Nyumba nyeupe zimejipanga kando ya maji, bata anaogelea, mtoto ameshika puto. Makazi ya kisasa yenye mandhari ya maji. Nilisimama chini ya bango lile kama mtu aliyetokewa na malaika. Wakala wa kampuni alikuwa kijana anayeitwa Nyamhanga, mwenye viatu vinavyong'aa, na kwa kuwa mama yake ni wa Isebania, Kiswahili chake kilikuwa kinavuka mpaka na kurudi bila kugongewa muhuri. Alinionyesha ramani kwenye simu, miraba ya rangi rangi isiyo na jina la kijiji. Nikachagua wa pembeni, nikamwambia kabla sijalipa chochote nataka kupaona.

"Hiyo ni sawa kabisa, mzee," akasema. "Tena kuna mkutano wa kijiji. Wakikubali tu, tunaanza kujenga. Utajionea vile watu wamefurahi."

Tulipita barabara mpya, iliyochongwa na kampuni yenyewe kutokea upande wa nyuma. Sikuitambua. Tukafika mahali penye kifusi chekundu kilichosambazwa na vigingi vyenye utepe. Nyamhanga akanyoosha kidole, akasema kile pale, mzee, kigingi chako.

Nilitaka kumwuliza kipi. Nikainua mkono kuelekeza, na mkono wangu ukajikunja ngumi wenyewe.

Nyamhanga akarudi nyuma hatua. "Mzee, si tuongee tu?"

Nilikuwa naiangalia ngumi yangu. Miaka yote hiyo, nchi zote hizo, sikuwa nimewahi kuelekeza kitu kwa ngumi. Nikainua macho taratibu, na mbele yangu, juu ya kifusi, nikauona mteremko, na juu ya mteremko boma la Bibi. Nilikuwa nimesafiri nusu ya Afrika ili nije nichague, kwa hiari yangu na kwa furaha, kiwanja ndani ya kinamasi cha nyumbani kwetu.

Kando ya vigingi walikaa wanawake wengi, na mbele yao mabeseni yenye miche ya mafunjo. Katikati yao alikuwa shangazi yangu Robi, dada wa baba yangu, aliyebaki na Bibi mpaka mwisho akarithi jiko lake. Nikaenda, nikainama, nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kumbe wewe ndiye mwenye kiwanja cha pembeni."

Waliokuwa karibu wakanieleza mambo yalivyo. Lori likimwaga kifusi asubuhi, wao wanakizoa kwa mabeseni mpaka jioni na kurudishia mafunjo. Tangu kifusi cha kwanza kimwagwe, chemchemi ilikuwa imekonda ikawa kama uzi, na uzi wenyewe mwekundu. Mtu alikuwa anasubiri ndoo moja mpaka anamaliza habari zote za kijiji na kuanza kusengenya. Ndiyo maana mkutano mkuu ulikuwa umehamishiwa pale pale kwenye vigingi. Siku hiyo kijiji kingekubali eneo lijazwe au kingekataa, na kama kingekubali, chemchemi ilikuwa basi.

Nyamhanga alizungumza vizuri. Alitaja mitaro, zege, taa za barabarani. Kisha akanishika bega, akawaambia wananchi huyu hapa ni mtoto wenu, ametembea dunia, na katika dunia yote amechagua kuishi hapa. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, nikakumbuka kwamba kwa ardhi ile ombi lingeweza kukubaliwa.

Mwenyekiti akampa Shangazi nafasi. Nikajiandaa kutukanwa. Yeye akajifunga kitenge, akapanda mteremko, tukabaki tunatazamana. Aliporudi alikuwa ameshika kigae, na moshi unatoka.

"Mtoto wa kaka yangu anajenga," akauambia mkutano. "Mama yake hayupo, bibi yake hayupo. Moto wa kumletea ni wangu." Akanigeukia. "Panga mafiga, mura." Mura kwetu ni kijana.

Mwenyekiti, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akakohoa na kuanza kukagua mawingu. Nyamhanga alifurahi sana, akasema utamaduni ni kitu poa, akatoa simu apige picha.

Nikaazimwa jembe. Nilichimba karibu na kigingi changu nipate pa kusimamishia mawe, jembe likagonga kitu. Nikaingiza mkono nikavuta. Lilikuwa jiwe la mviringo, na upande mmoja lilikuwa na masizi. Nikapapasa tena, nikakuta lingine pembeni yake.

Nilikaa chini. Watu walidhani ni mgongo. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa baba mdogo Mwita.

Ilikuwa kiangazi, hakuna aliyekuwa akiikumbuka mvua, na nikiwa bado nimelishika lile jiwe, maji yakaanza kuingia kwenye shimo. Yalipanda bila sauti, kama yale. Yakajaa mpaka kugusa magoti yangu. Nyamhanga akashusha simu.

Shangazi akainama, akaweka makaa juu ya jiwe. Yakalia tss.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza. Mtu mwenye kitambi, aliyevuka mipaka yote hii, nimepiga magoti kwenye tope napuliza majivu mbele ya kijiji. Nilisubiri wacheke. Mimi najua kicheko kinavyoanza, najua hata kona ya umati kitakayotokea. Hakikutokea popote. Nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini ukimya ule ulinishtua kuliko kitu chochote. Walikuwa wananingoja nimalize.

"Bado hujamaliza, mura," akasema Shangazi. "Puliza."

Nikapuliza mpaka kaa la mwisho likawa jeusi. Ndipo mwenyekiti akaomba mikono ya wanaokataa, na mkono wangu wenye tope ukapanda pamoja na ile mingine. Kijiji kilikataa. Nyamhanga alifungasha taratibu, akanipa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao pia moto wa kwanza hupulizwa hivyo.

Haijaisha. Kampuni imepeleka suala hilo wilayani, kuna vikao vinakuja, na kifusi kilichokwisha kumwagwa bado kinazolewa kwa beseni. Na mimi nazoa, ingawa akina mama wanasema nazoa kama mtu anayebeba mayai.

Watu waliosoma wameshanieleza kuhusu maji ya chini ya ardhi, yanavyopanda na kushuka. Nimewaelewa na sina ubishi nao. Kinachonishtua mpaka leo ni kile kigae. Bibi alijua moto ule utazimika. Alijua, na bado aliubeba mteremko mzima, akampa mwanawe kwa mikono miwili. Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile wenyewe wa kinamasi walikuwa wamekasirika. Sasa sioni hasira mahali popote katika kumbukumbu ile, hata mlangoni aliposimama Bibi.

Jioni ile ya mkutano, tukiwa tumekaa nje ya jiko, suruali yangu imeanikwa juu ya ua na mimi nimevaa kitenge cha Shangazi, nilimwuliza kwa nini hakunikataza tu mapema, akayaonea huruma magoti yangu.

"Ningekukataza," akasema, "ungenichukia mimi."

Akaendelea kuchambua mboga. Baada ya muda nikamwuliza, basi nijenge wapi. Akainua kichwa, akautazama mteremko wa juu, huku na huku, bila haraka. Kisha akanyoosha kidole.